Maswali ya Daktari wa Punda

Bahasha alipoacha kula nilijua siku hiyohiyo.
Nilijua kwa masikio, moja huku moja kule,
na kwa pumba zilizobaki hadi alfajiri, zimelowa umande.
Sikungoja. Nilimkokota kutoka Langoni hadi hospitali ya punda
na simu ya Mkomani ikilia: Famau, mawe yangu?
Nikajibu, mnyama mgonjwa. Mawe hayaozi.

Daktari, kijana wa bara, hakumgusa kwanza.
Aliniuliza: Tangu lini?
Analala na nani?
Kuna kilichobadilika nyumbani?
Nikajibu yote kama mtoto wa chuo aliyehifadhi sura yake:
tangu Jumanne;
alikuwa akilala na Kobe, yule wa kijivu;
Kobe nimemuuza Matondoni,
na tangu hapo huyu hutazama mlango.
Daktari akampapasa. "Hana minyoo," alisema. "Ana huzuni."

Sikucheka. Nani asiyejua kwamba punda huhuzunika?

Nyumbani, Mwanashee alikuwa barazani,
daftari mapajani, halijafunguliwa.
Shikamoo baba. Marahaba. Umekula? Nimekula.
Haya.
Ndiyo lugha yetu, miaka kumi na mitatu:
nauliza tumbo, linajibu tumbo.

Lakini jikoni niliiona sahani,
wali umesukumwa pembeni kwa ustadi
ili uonekane umepungua.
"Tangu lini?" nikamuuliza mama yake.
"Tangu lini nini?"
"Hali."
"Aa, ni umri huo. Utapita. Hata sisi tulipita."

Tulipita, ndiyo.
Baba yangu alininunulia kanzu mpya kila Idi,
na nikilia aliuliza kama nataka kupigwa
nipate cha kulilia.
Nikajifunza kulia chooni, bomba likiwa wazi.
Hakuwa mtu mbaya.
Aliamini mtoto ni ukuta: mpake chokaa nje,
ndani kutajikausha kwenyewe.
Nami nilimrithi, pamoja na kikohozi chake.
Karo nimelipa. Viatu nimenunua.
Huzuni angeitoa wapi, hesabu ikiwa sawa?

Baada ya isha nikapanda darini.
Alikuwa amelala ubavu, anatazama nguo kwenye kamba.
Nikaketi. Nikakohoa.
Maneno yangu yote yalikuwa na umbo la sahani.
Basi nikaazima ya daktari:
"Mwanashee. Tangu lini?"
Kimya.
"Kuna kilichobadilika?"
Jirani akawasha redio, akaizima.
"Unalala na... yaani, darasani, unakaa na nani?"

Akageuka.
"Baba, hayo si maswali ya Bahasha?"
Kumbe mama yake amesimulia.
"Ni yayo hayo," nikasema. "Sina mengine."

Akacheka, kwa pua, kidogo,
kisha kicheko kikakatika katikati, kikawa kitu kingine,
na mkono wangu, wa kubeba mawe miaka ishirini,
haukujua pa kukaa.
Nikauweka shingoni, pale ninapomkuna punda.
Hakuuondoa.
"Nakaa peke yangu," akasema. "Tangu Agosti."

Agosti. Na sasa ni Novemba.
Bahasha nilimpa siku moja.

Nilikuwa na la kusema: wewe soma tu,
marafiki wana faida gani?
Lilifika kwenye meno. Nikalimeza, likapita na miba yake.
"Niambie," nikasema, na nikanyamaza kweli,
jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mtu.

Asubuhi nilikwenda Matondoni kuulizia bei ya Kobe.
Mwenyewe kataja bei ya wizi. Bado tunavutana.
Mwanashee ananiambia nisipande sana, Kobe huuma.
Jana usiku alisema mengi.
Mengine sikuyaelewa.
Nilikaa palepale.